Sauti Humfuata Msikilizaji



Aghalabu tunapokutana hujadili vina na mizani, bahari na arudhi. Leo naomba niwatoe kidogo katika beti niwapeleke kwenye runinga. Huko nako kuna watunzi, na swali wanalosumbuka nalo ni lile lile linalotusumbua sisi: sauti ya mtunzi hupatikana wapi?

Jibu lililozoeleka ni kwamba mtunzi aandike kama alivyo, na sauti itakuja yenyewe. Jibu hilo silikubali. Mtu hana sauti moja iliyofichwa kifuani kama lulu ndani ya chaza. Anavyosema na mamaye sivyo asemavyo mbele ya hakimu, na anavyomtania somo yake sivyo anavyomwamkia mkwewe. Zote hizo ni sauti zake. Kwa hiyo swali la kwanza la mtunzi si "mimi ni nani?" bali "nazungumza na nani?" Dai langu katika makala haya ni kwamba sauti halisi humfuata msikilizaji, na kwamba anayemnyima mtunzi haki ya kumchagua msikilizaji wake amemnyima sauti, hata akimlipa vizuri.

Niliyajua haya kwa kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandika vipindi vichache vya tamthilia ya runinga. Ndani yake nilimweka ajuza wa Mombasa, nikamwandika kama nilivyomsikia nyanya yangu: mato badala ya macho, ndia badala ya njia, nti badala ya nchi. Katika onyesho la kwanza anamwita mjukuu wake aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi: "Ndoo, mwanangu." Mtayarishaji aliusoma muswada, akapiga mstari chini ya neno hilo. "Watazamaji wa bara watadhani anaomba ndoo ya maji," akasema. Akanipa hiari mbili. Ama ajuza aseme Kiswahili sanifu kama wahusika wengine, ama abaki na maneno yake lakini awe mhusika wa kuchekesha.

Sikutaka nyanya yangu achekwe, nikamsanifisha. Nilipanguza kila neno la Kimvita, sentensi baada ya sentensi, hadi ajuza yule akawa hana kosa hata moja. Kipindi kilipoonyeshwa nilikuwa nimeketi na mama sebuleni. Alitazama kimya mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, huyu nyanya mbona anena kama msoma habari?"

Sikuwa na la kumjibu. Kila neno la muswada ule lilikuwa langu, nami ni mzawa wa mji ule, mwenye lugha ile. Hata hivyo sauti haikuwa yangu, kwa sababu tangu nilipopigiwa ule mstari nilikuwa nikiandika kwa ajili ya mtu nisiyemjua, mtu wa kubuniwa, aliyedhaniwa kuwa hawezi kungoja sekunde mbili aone mjukuu akikimbilia mikononi mwa nyanyake na kuelewa maana ya ndoo.

Hasara yangu ilikuwa ndogo. Niliandika nyumbani, miongoni mwa watu wanaofanana nami, na hapana aliyeitilia shaka rangi yangu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikizifuatilia habari za wanawake wanaoandika runinga mahali ambapo mstari ule huchorwa kwa wino mzito zaidi, yaani wanawake Weusi wa Marekani na Uingereza. Kwetu pwani hakuna anayekuita "mwanamke Mweusi" unapokwenda dukani. Huko jina hilo hukutangulia mlangoni, na mara nyingi watu huwa wamekwisha kuamua sauti yako iweje kabla hujafungua kinywa.

Nisemapo wamekwisha kuamua, sitii chumvi. Katika miaka ya 1940, redio za Marekani zilikuwa na mhusika maarufu aitwaye Beulah, mtumishi wa nyumbani, mwanamke Mweusi mcheshi na mtiifu kwa waajiri wake. Aliyeigiza sauti yake alikuwa Marlin Hurt, mwanamume Mzungu. Mamilioni walimsikiliza mwanamume huyo wakaamini, au wakakubali kuamini, kwamba hivyo ndivyo mwanamke Mweusi anavyosema na anavyocheka. Mwaka 1947 nafasi hiyo ikapewa mwanamke Mweusi kweli, Hattie McDaniel, na mwaka 1950 mchezo ukahamia kwenye televisheni ukiwa na Ethel Waters. Koo likabadilika. Lakini mhusika alikuwa ni yule yule aliyebuniwa na wengine ili awafurahishe wengine. Somo la kwanza ni hilo: kuweka mwanamke Mweusi mbele ya kipaza sauti si sawa na kumpa sauti.

Somo la pili ni la Lorraine Hansberry. Mwaka 1959 tamthilia yake A Raisin in the Sun ilipanda jukwaani Broadway, naye akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuonyeshwa tamthilia yake huko. Alikuwa na umri wa miaka 28. Mwaka uliofuata kituo cha televisheni cha NBC kilimwagizia mchezo kuhusu utumwa, uwe sehemu ya kuadhimisha miaka 100 tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Akaandika The Drinking Gourd. Jina hilo ni la kibuyu cha kunywea maji, na pia la kundi la nyota ambalo watumwa watoro walilifuata usiku kuelekea kaskazini, kwenye uhuru. Ndani ya mchezo huo kijana mtumwa, Hannibal, anajifunza kusoma kwa siri. Anapogunduliwa, anapofuliwa macho.

Mchezo huo haukuonyeshwa kamwe. Aliagizwa, akaandika, akalipwa, na muswada ukawekwa kabatini. Hansberry alifariki Januari 1965 akiwa na miaka 34, na muswada huo ukaja kuchapishwa kitabuni baada ya kifo chake. Tazameni kinaya cha jambo lenyewe. Aliandika kuhusu mtu anayeadhibiwa kwa kujua kusoma, na maandishi yake yenyewe yakanyimwa macho ya kuyatazama. Sauti alikuwa nayo, timamu, isiyotetereka. Alichokosa ni ufunguo wa kabati.

Miongo imepita, na makabati mengine yamefunguliwa. Ila kuna njia nyingine ya kumnyang'anya mtunzi sauti, isiyo na kelele wala kufuli, nayo ni kumlazimisha ajieleze. Vipindi vingi vya Marekani huandikwa na kundi la waandishi katika chumba kimoja, na mwanamke Mweusi akiwa peke yake humo hugeuzwa kamusi. Huulizwa: "Watu wenu husemaje hapa?" Huambiwa: "Hili halitaeleweka, weka maelezo." Basi hujikuta ameandika onyesho la ndugu wawili wakisukana nywele barazani, na mmoja anamwambia mwenziwe: "Kama unavyojua, dada yangu, sisi wanawake Weusi nywele zetu zina historia ndefu." Nani kati yetu amewahi kumwambia hivyo dada yake? Ndugu hawaelezani wanachokijua wote. Wanagombania kitana. Mara mhusika anapoanza kumfafanulia nduguye yale ambayo nduguye anayajua, fahamu kwamba kuna mgeni chumbani, na kwamba mazungumzo yote sasa yanafanywa kwa ajili ya mgeni huyo.

Issa Rae alikwepa mtego huo kwa kuanzia mahali pasipo na mtayarishaji wa kumpigia mstari. Mwaka 2011 alianza kutoa kwenye YouTube mfululizo wa vipindi vifupi kuhusu msichana Mweusi mwenye haya na asiyejua la kusema mbele za watu. Watazamaji waliojiona ndani ya msichana huyo ndio waliochanga fedha ili mfululizo uendelee. Alipofika HBO mwaka 2016 na kipindi chake Insecure, kilichodumu hadi 2021, alikuwa amekwisha kumjua msikilizaji wake kwa miaka mitano. Ndiyo maana wahusika wake hufunga vitambaa kichwani wanapokwenda kulala, na hakuna anayesimama kueleza kwa nini.

Kwa sisi watu wa ushairi, kuna jambo moja katika Insecure linalostahili kuangaliwa. Mhusika mkuu, akishindwa kusema ukweli mbele ya rafiki, mpenzi au mwajiri, huingia msalani, husimama mbele ya kioo na kughani mistari ya kufokafoka aliyoitunga papo hapo. Mara nyingine mistari ni mibovu, vina vinagongana, mwenyewe anacheka. Lakini hapo ndipo asemapo kweli, kwa kuwa hapo msikilizaji ni yeye mwenyewe. Kisha hutoka nje na kurudia sauti ya adabu. Mwandishi ametuonyesha, bila hotuba, mwanamke mmoja mwenye sauti mbili na mlango mmoja kati yake. Kazi yote ya kutafuta sauti halisi ni kuufungua mlango huo kidogo kidogo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Michaela Coel, kwa kuwa yeye alitokea upande wetu: alikuwa mshairi kabla hajawa mwandishi wa runinga. Alizaliwa London mwaka 1987 na wazazi wenye asili ya Ghana, akaghani mashairi yake majukwaani, kisha akasomea uigizaji. Alipokuwa anahitimu mwaka 2012 alitunga mchezo wa mtu mmoja, Chewing Gum Dreams, na kutokana nao kikazaliwa kipindi cha Chewing Gum mwaka 2015. Tracey, mhusika wake mkuu, ni msichana wa mtaa wa nyumba za serikali, aliyelelewa katika dini kali. Mara kwa mara humkatiza anayezungumza naye, hugeuka na kumtazama mtazamaji usoni, na kumnong'oneza siri zake. Kila afanyapo hivyo, ni yeye anayechagua nani wa kuambiwa.

Kisha likaja jaribio kubwa. Wakati akiandika awamu ya pili ya kipindi hicho, Coel alitiliwa dawa katika kinywaji na kubakwa, jambo alilolisimulia hadharani mwaka 2018 alipotoa mhadhara wa MacTaggart mjini Edinburgh, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Aliamua kuugeuza mkasa huo kuwa tamthilia. Netflix walimwahidi dola milioni 1. Aliuliza kama angebaki na sehemu ya hakimiliki. Akaomba asilimia 5, akashuka mpaka nusu ya asilimia moja, na jibu likabaki kuwa hapana. Akaikataa milioni. Baadaye BBC walimpa alichokitaka: kazi iwe yake na uamuzi uwe wake.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya mikataba, si ya lugha. Mimi nasema ni ya lugha hasa. Mwenye kumiliki kazi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu neno lolote. Ndiye awezaye kusema, "Hapa ni ndoo, wala si njoo, na itabaki ndoo." Mtunzi asiye na haki hiyo anaweza kuwa na sauti tamu kuliko zote, lakini ameazimwa.

Wala msidhani kwamba baada ya kupata uhuru huo Coel aliandika tu kama alivyo na sauti ikamjia. Aliandika rasimu 191. I May Destroy You ilipotoka mwaka 2020, vipindi 12, ilikuwa imefumwa na kufumuliwa mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyoweza kustahimili. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Emmy ya uandishi, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata katika kundi la tamthilia zenye mfululizo mfupi. Tuzo hizo zilikuwa zikitolewa tangu 1949, na ni mwaka 2017 tu ndipo mwanamke Mweusi, Lena Waithe, alipotuzwa kwa uandishi wa vichekesho kwa mara ya kwanza. Basi tusiwadanganye vijana kwamba sauti halisi ni ile inayotoka bila jasho. Sisi tunaohesabu mizani kwa vidole twajua kuwa ubeti unaosikika kama mazungumzo ya kawaida ndio uliosumbua kuliko yote.

Sitatenda haki nisipoitaja hoja ya upande wa pili. Runinga ni ghali, na anayelipa hutaka watazamaji wengi. Tena wako wanawake Weusi waliofanikiwa kwa kuzungumza na watu wote. Shonda Rhimes alipoandika Grey's Anatomy, iliyoanza 2005, hakutaja rangi ya wahusika katika muswada, akawaacha waigizaji wa kila asili wagombee nafasi. Je, tuseme hakuwa na sauti?

Hasha. Mwanamke Mweusi hana deni la kuandika kuhusu Weusi wake kila apatapo kalamu. Kumlazimisha afanye hivyo ni kumrudisha kwenye kazi ya kamusi. Tofauti ni nani aliyeamua. Rhimes alichagua kuzungumza na umati, na huo ulikuwa uchaguzi wake. Ajuza wangu alipelekwa kwenye umati kwa kuburutwa. Ama kuhusu watazamaji wengi, tazameni: kipindi kuhusu wasichana wa kusini mwa Los Angeles na tamthilia kuhusu mwandishi Mweusi wa London vimetazamwa mbali na vilikozaliwa. Hakuna aliyepunguziwa ukali wa lugha ili aelewe. Msikilizaji wa mbali hapendi kuhubiriwa. Hupenda kusikiliza mlangoni watu wakizungumza wao kwa wao.

Jambo hili sisi Waswahili hatukupaswa kulijifunza London. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wa beti 102. Hakuutungia wasomi wala kumbi. Alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake, kwa Kiamu cha nyumbani mwao, kama mama amwitavyo mwanawe kitandani. Leo tunaweza kujadili mengi ya maudhui yake, na wanawake wa kizazi hiki wana haki ya kubishana na mawaidha yake kuhusu mume. Lakini kuhusu sauti, hapana ubishi. Alimchagua msikilizaji mmoja, na kwa sababu ya huyo mmoja, sisi sote, pamoja na watu wa bara na wa ng'ambo, tumekaa pembeni ya kitanda hicho kwa zaidi ya miaka 160, tukisikiliza yasiyokuwa yetu na kuyaona yetu.

Kwa hiyo nawaambia wadogo zangu wanaoandikia runinga, wawe Nairobi, Dar es Salaam au ughaibuni: kabla hujaandika mstari wa kwanza, mtaje msikilizaji wako kwa jina. Si "watazamaji", jina la mtu. Ukikwama, jiulize huyo angecheka wapi. Mhusika wako akianza kueleza ambacho mwenziwe anakijua, futa. Soma mkataba kwa makini ule ule unaosomea shairi, na uulize nani ana neno la mwisho. Kisha andika upya, na upya tena. Ukiambiwa neno lako halitaeleweka, lizungushie matendo yanayolifafanua, ulibakishe. Mikono ya ajuza iliyonyooshwa ingetosha.

Mama yangu bado hutazama tamthilia kila jioni. Nina muswada mwingine mezani, nao nimeuandikia yeye tu. Katika onyesho la kwanza ajuza yu barazani, mjukuu anaingia langoni na mkoba wake. Neno ni lile lile, na safari hii sitalibadilisha. Namalizia kwa beti mbili, kama ilivyo ada yetu:

Mwenye neno atamke, kwa lafudhi ya nyumbani,
Wa mbali na wamcheke, wake watambaini,
Kalamu asiiweke, rehani pale sokoni,
Sauti ni mali yake, isiuzwe mnadani.

Ndoo mwanangu karibu, nyanya aliniitia,
Sikuhitaji jawabu, neno likaniingia,
Na leo nami wajibu, kama lilivyo kutia,
Sauti ni mali yake, isiuzwe mnadani.